Aliyebaki Jichoni mwa Sinha

Saa kumi na moja jioni Edilene aliifunga kamera yake ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isije ikailowesha mtoni, akamgeukia dada yake Lucivane.

"Matone ya macho usisahau. Kila dakika kumi. Hata akikataa."

"Hakatai," Lucivane akanong'ona. "Ndicho kinachonitisha."

Taina alikuwa dirishani, anaota jua. Binti yake Edilene wa miaka tisa, mwenye mdomo usiopumzika, sasa ni siku ya sita hasemi neno. Wala hapepesi macho. Hata mara moja! Zahanati walisema ni mishipa, wakatoa matone. Usiku alilala macho wazi. Mchana ule nzi alitua juu ya jicho lake, akatembea, akajipangusa miguu, na mtoto hakushtuka. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeanza kubanduka kama maganda ya kitunguu.

Edilene akambusu kipajini. Pakavu. Akateremka ngazi hadi kwenye mtumbwi wake wa injini.

Ukitaka kujua kosa lilikoanzia, lilianzia kwenye kazi. Edilene alikuwa mpiga picha wa harusi, ubatizo na vitambulisho. Lakini watu wa mto ule wamefuga chatu tangu enzi na enzi, wakae darini wale panya, na siku hizi kila mwenye chatu anataka picha nzuri ya kuwaringia wenzake kwenye simu. Hapo Edilene hakuwa na mpinzani. Hakutumia taa ya kamera, maana huacha doa jeupe kwenye magamba. Alimweka nyoka karibu na dirisha, akamfunika na kikapu mpaka atulie na kujikunja vizuri, kisha akakiinua kikapu polepole na kulenga jicho. Jicho likiwa na ukungu, picha yote ni ya kutupa. Na pembeni alihitaji mtu wa kushika shuka jeupe, lirudishe mwanga upande wenye kivuli.

Mshika shuka alikuwa Taina.

Sasa, pale mtoni hata mtoto mchanga anajua: chatu wa nyumba huchukui kitu chake, hata picha, kabla ya kuomba ruhusa. Unasema, "Naomba ruhusa, mwenye nyumba," unangoja kidogo, ndipo unaendelea. Edilene alijua. Lakini siku ile mwanga ulikuwa unakimbia, naye akaona mambo ya ruhusa yatamchelewesha. Akampiga picha Sinha, chatu wa Bibi Perpetua, na haijawahi kutokea picha kali kama ile. Ukiikuza, ndani ya jicho la nyoka unamwona Taina, mdogo kama punje ya mchele, na shuka lake mikononi limemziba mama yake. Edilene aliwaonyesha majirani kwa maringo. Kumbe anatangaza msiba wake mwenyewe.

Bibi Perpetua ndiye aliyemfungua macho. "Mtoto umemwacha mle jichoni. Kapige nyingine. Jicho lile lile, kali vile vile, mtoto asiwemo. Lakini kabla Sinha hajajivua. Gamba likitoka, ngozi ya jicho hutoka nalo. Na kilichomo kinakwenda nalo."

Siku nne mfululizo Edilene alikwenda. Siku nne jicho la Sinha lilikuwa limefunga utando wa bluu, kama maziwa yaliyotiwa maji. Picha mia mbili na zaidi. Zote ukungu. Alilia, akapiga, akalia tena.

Leo bibi alikuwa ametuma ujumbe: Macho yametakata. Kesho asubuhi anajivua. Njoo.

Nyumba ya bibi ilikuwa kimya. Chini ya sakafu maji yaligonga nguzo... ko... ko... Ndani palinuka udongo mbichi na maziwa yaliyochacha. Bibi Perpetua alimpokea mlangoni huku akipepesa macho, pe, pe, pe, bila kukoma, kama ilivyo tabia yake.

"Nani atanishikia shuka, bibi?"

"Lifunge kwenye msumari."

"Huingii?"

"Mimi mbele yake sisimami tena," bibi akasema, akarudi nyuma.

Edilene akalifunga shuka. Kikapu kilikuwa karibu na dirisha, na chini yake kitu kizito kilikuwa kinajiviringisha. Mwanga uliobaki ulikuwa kiduchu. Akapiga magoti.

"Naomba ruhusa, mwenye nyumba," akanong'ona. "Naomba unirudishie mwanangu."

Akangoja.

Sssss...

Akakiinua kikapu. Sinha alikuwa amejikunja kwa utaratibu, kichwa juu, jicho safi kabisa. Akapiga. Ukungu. Akapiga tena. Ukungu. Mwanga ulikuwa unakufa dirishani. Akasogea. Akasogea tena, mpaka kati ya kamera na ule ulimi palibaki shubiri moja. Akabana viwiko mbavuni. Akaacha kupumua.

Cha.

Akaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Kila gamba peke yake. Mboni nyembamba iliyosimama wima. Kali! Na Taina hakuwemo.

Simu ikalia. Lucivane, anacheka na kulia pamoja. "Dada, amepepesa! Amepepesa, ameniita, anadai uji wa matunda ya asai na unga wa muhogo, anasema ana njaa ya kufa!"

Edilene akaketi sakafuni, akashukuru watakatifu wote aliowajua. Kisha, kwa mazoea tu ya kazi, akaitazama picha mara ya pili.

Jichoni mlikuwa na mwanamke. Nusu ya uso wake ilikuwa imezibwa na kitu cheusi.

"Bibi... huyu ni mimi."

"Lazima awepo mtu," bibi akajibu kutoka mlangoni. "Kamera haijishiki yenyewe."

"Ulijua."

"Mama yangu alinitoa mimi hivyo hivyo. Kwa kamera ya filamu." Bibi akanyoosha kidole ukutani, kwenye picha za zamani za mwanamke aliyekodoa macho dirishani. Katika picha zote, amekodoa. "Ningekuambia, usingepiga?"

Edilene akairudisha kamera mfukoni. Angepiga, na bibi alijua hilo.

Katikati ya mto alizima injini. Upepo ulimchoma macho, na kope zake hazikushuka. Hofu ilikuwa moja tu: Taina anajua kupiga picha, atataka kumtoa mama yake. Amemfundisha mwenyewe, jicho kwanza, viwiko mbavuni, usipumue. Akaishika kamera iliyomlisha miaka kumi na miwili, akaitumbukiza majini.

Nyumbani Taina alimrukia shingoni, mdomo wote asai. Edilene akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Alitaka kumwambia asiende kule kamwe. Ulimi ukawa mzito, ukakaa.

Taina akamtazama machoni. Akamtazama kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nakuona, mama," akanong'ona. "Kila siku ulipokuja na kulia. Kule ndani ni baridi." Akamshika shavu. "Usiogope. Njia naijua."

Akageuka. "Mama mdogo, niazime simu yako."

Lucivane, kwa furaha ya kusikia mtoto anaomba kitu, akampa bila hata kuuliza.

"Kesho mwanga ukitoka tu, kabla Sinha hajajivua," Taina akasema polepole, kwa mama yake peke yake, huku akifuta kioo cha kamera ya simu kwa pindo la gauni, taratibu, kwa mviringo, kama alivyofundishwa.

Edilene akafungua mdomo apige kelele. Haikutoka hata pumzi. Akabaki ameketi dirishani anamwangalia mwanawe, na hakuweza hata kufumba macho asione.