Gauni Lililobanwa Upande Mmoja

Fundi alikuwa hodari wa kuficha kasoro. Bega lililoinama, kitambi, nyonga moja kubwa kuliko nyingine: ukivaa nguo yake, nani atajua? Basi titi lake la kushoto lilipoanza kuvutwa ndani, alifanya anachokijua. Alibana gauni lake upande ule, akaendelea na kazi.

Aliyegundua ni binti wa marehemu dada yake. Alimlea tangu mama yake afariki, na sasa walishona pamoja chumba kimoja.

"Mama mdogo, gauni hili umelikosea. Huku umebana kuliko huku."

"Sijakosea. Shona zipu yako."

"Umekosea bwana! Hebu nione."

Binti akashika mshono wa kifuani. Vidole vyake vikagusa kitu kigumu kama kokwa. "Hiki nini?" akauliza kwa hofu.

Jirani yao muuguzi alikuwa nyuma ya pazia akijaribu sare yake mpya. Alisikia, akatoka na pini begani.

"Kuna nini? Fungua vifungo, shoga. Mimi si mgeni."

Fundi akafungua kwa aibu. Ngozi ya titi ilikuwa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu ilikuwa imezama.

"Tangu lini?"

"Siku nyingi. Lakini hakiumi, Sista. Kingekuwa ugonjwa si kingeuma?"

"Hapo ndipo wengi mnapopotea. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Kesho twende hospitali."

"Thubutu!" Binti aliruka kitini. "Mama yangu walimkata titi, akafa. Kisu ndicho kilichomuua. Mama mdogo, si wewe uliyeniambia?"

Fundi akainamisha kichwa. Ndiye aliyemwambia, na mwenyewe aliamini hivyo.

"Mwanangu," muuguzi alisema, "nilikuwa wodini wakati ule. Mama yako aliletwa titi limeshakuwa kidonda. Ugonjwa ulikuwa umeingia kwenye mapafu. Alihangaika na dawa za kupaka mpaka muda ukaisha. Kisu hakikumuua. Kilichomuua ni saratani, na kuchelewa."

Binti alilia kwa kwikwi. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kesho yake hospitalini walimpapasa Fundi, wakampiga picha ya matiti, wakatoa kinyama kwa sindano ili wakipime. Ilikuwa saratani. Ilikuwa imefika kwapani, ila haikuwa imekwenda mbali zaidi. Titi likaondolewa. Zikaja dripu za dawa. Nywele zilinyonyoka, akatapika hadi nyongo, akasema waziwazi kwamba bora afe. Baada ya hapo ikaja mionzi. Binti alipika uji, akashona peke yake.

Siku moja daktari aliwaketisha wote wawili.

"Ugonjwa huu si kurogwa, wala hauambukizi. Umri unaongeza hatari, pombe pia, na ukoo wenye historia yake. Lakini wengi wanaougua hawana ndugu aliyeugua. Kila mwanamke ayajue matiti yake. Akiona uvimbe, ngozi kubonyea, chuchu kuzama au kutoa damu, aje upesi." Akamgeukia binti. "Wewe, mama yako na mama yako mdogo wote wameugua. Usingoje dalili. Njoo tukupime."

"Nitakuja," binti alisema. Hakwenda.

Matibabu yalipokwisha, daktari hakuona tena dalili ya saratani, ingawa Fundi angeendelea kumeza vidonge na kuchunguzwa. Akarudi kwenye cherehani, amekonda, kitambaa kichwani. Siku hiyohiyo akamwita binti. Akafungua blauzi. Kovu lilitoka katikati ya kifua hadi kwapani.

"Tazama. Kisu kimepita hapa, nami niko hai nakuuliza: mbona hukwenda kupimwa?"

Binti aliangalia sakafu.

"Naogopa. Kuna kitu titini, mama mdogo. Kadogo tu, kama punje ya mahindi. Nimekigusa juzi."

Fundi akafunga vifungo vya blauzi.

"Vingi si saratani," alisema. "Lakini hatukai hapa kubahatisha. Acha hiyo kazi, mwanangu. Vaa viatu."