Kidole cha Watu wa Lami

Mhasibu alishuka ngazi mbili mbili.

Ghorofa ya tisa. Ya nane. Ya saba. Viatu vyake vilikuwa vipya, vya ngozi, na vilimsaliti kila kona.

Patasi hakukimbia. Alibonyeza kitufe cha lifti, akasubiri, akaingia, akasimama kando ya dada aliyebeba trei ya vikombe vichafu.

"Chini?" dada akauliza.

"Chini."

Wapo wanaodhani ujasusi ni mbio. Patasi alikuwa na miaka hamsini na saba na goti lenye skrubu mbili. Mbio aliwaachia wenye hofu.

Mhasibu aliposukuma mlango wa maegesho ya chini ya jengo, alimkuta Patasi ameegemea nguzo, anakunja mkono wa shati.

"Shikamoo," mhasibu akasema. Lilimtoka lenyewe.

"Marahaba. Lete mkoba."

Mkoba ukaletwa. Ndani mlikuwa na kijidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, chenye kioo cha namba. Hicho ndicho kilichotumika kuiamuru benki ihamishe fedha zote za Mfuko wa Pensheni wa Wafanyakazi wa Jiji.

"Umechelewa, mzee," mhasibu alisema, anahema. "Amri iliingia asubuhi. Saa kumi kamili inajifyatua yenyewe. Na fomu zote ziko sawa. Hakuna wa kuipinga."

Patasi akamfunga pingu kwenye bomba la maji. Akatoa redio yake, Motorola iliyochubuka pembe zote.

"Mnara, hapa Patasi."

"Sema."

Mnara alikuwa mkuu wake. Miaka ishirini na sita Patasi alikuwa akiisikia sauti hiyo, na hakuwahi kuisikia ikicheka wala kukohoa.

"Mhasibu ninaye. Amri imeshapita. Saa kumi."

"Sasa hivi ni saa nane kasoro kumi."

"Saa najua kusoma."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wafagiaji wa jiji, wazima moto, makarani wa soko, watu wa mitaro na watu wa lami walikatwa kipande cha mshahara kila mwezi kwa miaka thelathini, kipande hicho kikatunzwa ili kiwalishe uzeeni. Halafu akaja mtu mmoja kutoka ng'ambo, ana pasi tatu za kusafiria na suti ya kijivu, akasema yeye anajua kuzitunza fedha hizo vizuri zaidi. Maofisini walimwita Mshauri. Kanuni ya mfuko ilisema fedha haziendi kwa msimamizi mwingine mpaka zaidi ya nusu ya wastaafu wakubali, kila mmoja kwa dole gumba lake kwenye karatasi.

Basi Mshauri akaleta karatasi. Elfu sita na mia mbili, kati ya wastaafu elfu kumi na mbili. Majina sawa, namba sawa, picha sawa, maana kompyuta za mfuko zilikuwa zimeshaibiwa kila kitu. Madole yalikuwa ya nani, hakuna aliyejua.

"Mtaalamu wa alama za vidole?" Patasi akauliza redioni.

"Yuko safarini. Na kulinganisha karatasi zote hizo ni kazi ya wiki mbili. Hakimu wa kuisimamisha amri atakaa ofisini hadi saa kumi. Anataka kitu atakachokiona kwa macho yake mwenyewe. Hadithi hataki."

"Fedha zikiondoka?"

"Kabla ya magharibi zitakuwa zimepita visiwa vitatu. Hazirudi."

Patasi akazima redio. Akamfikiria kaka yake, kama mtu anavyofikiria bili ya maji.

Kaka ndiye aliyemlea wazazi walipokufa. Alimwaga lami barabarani miaka thelathini na moja. Sasa alikaa vyumba viwili, na tarehe ishirini na tano ya kila mwezi pensheni ikiingia, ililipa kodi na dawa ya sukari. Jumapili Patasi alikuwa amefungua friji yake na kuona vichupa vitatu. Vitatu tu mpaka tarehe ishirini na tano. Pensheni isipoingia, hakuna cha nne.

Alijua hilo ni jambo zito. Alilijua kichwani. Kifuani hakukuwa na kitu. Kazi hii ilishamfanya hivyo zamani.

Akashuka tena ghorofa moja.

Chumba cha kumbukumbu kilinuka vumbi na gundi. Makabati ya chuma yalipangwa juu ya reli, yamebanana, kila moja lina usukani ubavuni kama wa gari. Ukitaka faili unazungusha usukani, makabati yanasogea, njia inafunguka. Mwenye chumba alikuwa mama mnene mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kichwani. Jengo zima lilimwita Mama Faili.

"Wewe ndiye wa usalama?" akauliza bila kuinuka.

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani mnakuja na miwani myeusi."

"Niliikalia."

Mama Faili akaguna. Ilikuwa karibu na kucheka. Akamwonyesha maboksi ya fomu yaliyofika wiki hiyo.

Patasi alikuwa na kalamu yenye mwanga wa zambarau, ya gharama kubwa, ya kukamatia nyaraka bandia. Akaiwasha. Karatasi ilikuwa karatasi, wino ulikuwa wino. Akaizima. Akatafuta fomu ya kaka yake, akaipata. Jina. Namba. Picha yake na masikio yale makubwa. Chini, dole gumba safi, mistari inazunguka vizuri.

Akampigia kwa Nokia yake ya vitufe.

"Kaka, shikamoo. Uliweka dole kwenye fomu yoyote mwezi huu?"

"Marahaba. Fomu gani?"

"Yoyote."

"Nimetoka kuweka dole kwenye mkate, nione kama umeota ukungu. Umeota. Kwa nini?"

"Basi tu."

"Unapiga simu unauliza madole. Umekula?"

"Nitakula." Akakata.

"Hajaweka dole," akamwambia Mama Faili. "Lakini hakimu atasema mzee amesahau."

Mama Faili akaivuta ile fomu kwa kidole kimoja, kama kitu kilichodondokewa na mchuzi. Akashusha miwani ya kichwani, akapandisha ya puani.

"Huyu si alikuwa wa lami?"

"Miaka thelathini na moja."

"Basi huyu si yeye."

"Kwa nini?"

"Wewe kijana, watu wa lami hawana dole gumba." Alisema hivyo kama anasema leo Jumanne. "Lami ya moto, mpini wa koleo, kila siku. Glovu zilikuwa zinakuja kwenye bajeti, mikononi haziji. Ikifika miaka kumi, dole limekuwa laini kama mgongo wa kijiko. Unalichovya kwenye wino, unaligandamiza, linatoka doa. Mimi nilipoanza kazi hapa, karani mkubwa alinifundisha. Mtu wa lami mwekeshe kidole cha mwisho, cha mkono wa kushoto. Hicho hakishiki mpini. Hicho ndicho kimebaki na mistari."

"Imeandikwa kwenye kanuni?"

"Kanuni inasema dole gumba. Angekuja mkaguzi tungefukuzwa wote."

Mshauri alikuwa ameikariri kanuni nzima. Mama Faili hakuwemo kwenye kanuni.

Patasi akainama juu ya maboksi. "Watu wa lami wako wangapi?"

"Mia nne na tisa."

Kwa dakika arobaini walichambua. Kila fomu ya mtu wa lami ilikuwa na dole gumba. Zuri, nene, halijawahi kushika koleo. Mama Faili akatoa droo ya kadi za asili, zile ambazo kila mtumishi aliweka alama mwenyewe alipostaafu. Kila kadi ilikuwa na alama nyembamba ya kidole cha mwisho, na pembeni maneno ya penseli: *kushoto, cha mwisho*. Hizi hazikuwemo kwenye kompyuta. Zilikuwa hapa tu.

Hata mtoto angeona.

"Mnara. Ninacho."

"Kinaonekana kwa macho?"

"Hata bila miwani."

"Saa tisa na dakika ishirini. Njoo." Redio ikakoroma kidogo. "Subiri. Mshauri ametoka hotelini. Prado nyeusi. Imeingia kwenye jengo lenu dakika nne zilizopita."

Mlango ukafunguka.

Aliingia kwanza mtu mwenye shingo pana kuliko kichwa, na kidumu cha petroli cha lita tano mkononi. Nyuma yake suti ya kijivu, na mkononi mwake, bastola aina ya Glock.

"Mchana mwema," Mshauri alisema. Kiswahili chake kilikuwa safi, kama cha kitabu. "Mhasibu wangu hapokei simu. Nikasema, kabla ya saa kumi tusafishe kilichobaki. Kadi za zamani ziko wapi?"

"Kabati la sita," Patasi akasema. "Ndani kabisa, mkono wa kulia."

Mama Faili akamtazama. Halafu akaelewa, akatazama sakafu.

"Nenda," Mshauri akamwambia Shingo.

Shingo akaingia kwenye njia nyembamba iliyokuwa wazi kati ya kabati la tano na la sita, kidumu kinapiga chuma. Alipofika katikati, Mama Faili akaegemea usukani kwa uzito wake wote, na uzito alikuwa nao.

Tani mbili za faili zikasogea.

Shingo akatoa sauti ya mtu aliyekalia kiti kisichokuwepo. Kidumu kikabanwa kimesimama, hakikumwagika.

Mshauri akageuka na bastola kumwelekea mama. Kwenye meza palikuwa na mashine ya kugongea mihuri ya tarehe, chuma kitupu. Patasi akaitupa. Risasi ilitoka wakati uleule mfupa wa kifundo cha mkono wa Mshauri ulipovunjika. Glock ikateleza chini ya meza. Patasi akapiga hatua mbili, ngumi moja, fupi, chini ya sikio.

Suti ya kijivu ikalala.

"Unatoka damu," Mama Faili akasema.

Patasi akatazama bega lake. Ilikuwa kweli. "Imekwaruza tu."

"Husikii maumivu?"

"Sisikii."

Akamfunga Mshauri kwa waya wa simu, akachukua droo ya kadi na boksi la fomu. Mama Faili akamzuia mlangoni na daftari.

"Kadi haitoki humu bila kusainiwa. Jina na namba ya ajira."

"Mama, saa."

"Saa naiona. Saini."

"Sina namba ya ajira. Sisi idara yetu haikatwi."

"Haikatwi? Kwa hiyo ukistaafu?"

"Hatuna faili, mama. Popote."

Mama Faili akamtazama kupitia miwani yote miwili. Halafu akaandika mwenyewe kwenye daftari, polepole: *Mwenye goti bovu. Atarudisha.* "Nenda. Usinilowanishie kadi na damu."

Pikipiki yake, Yamaha, ilikuwa nyuma ya jengo. Taa tatu nyekundu alizipita, ya nne akasimama kwa sababu mzee mmoja alikuwa anavuka na fimbo. Alisubiri mpaka mzee akamaliza.

Saa kumi kasoro dakika tisa, hakimu alipanga fomu kumi upande mmoja wa meza na kadi kumi upande mwingine. Akachukua kioo cha kukuzia. Akakirudisha bila kukitumia.

"Hivi ni vidole viwili tofauti."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Watu wote hawa?"

"Mia nne na tisa. Ukizitoa hizo, nusu haifiki."

Hakimu akainua simu ya mezani, akaomba benki, akasoma amri kwa sauti ya kuchoka, akataja saa. Kasoro dakika nne. Upande wa pili mtu akasema, "Imesimamishwa." Basi.

Ngazini redio ikaita.

"Patasi. Mshauri na mwenzake wako mikononi. Kazi nzuri."

"Kuna nyingine?"

"Kafunge bega."

Nje jua lilikuwa bado kali. Watu walikuwa wanatoka makazini, wanazungumzia mambo yao. Nokia ikatetemeka mfukoni.

"Bwana mdogo," kaka yake akasema. "Nimekaa nikaifikiria ile simu yako. Kuna tatizo na pensheni?"

"Lilikuwepo. Limekwisha."

"Tarehe ishirini na tano itaingia?"

"Itaingia."

"Haya." Maji yalisikika yakimiminwa kwenye sufuria. "Na wewe, lini unastaafu? Hata siku moja hujaniambia watakulipa nini."

Patasi akatazama barabara. Kipande kimoja kilikuwa kimezibwa viraka, vya zamani na vipya, vyeusi na vya kijivu.

"Hawalipi, kaka."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Kaka hakuuliza ni kazi gani isiyolipa. Hakuwahi kuuliza.

"Basi ukichoka njoo," akasema. "Hii yangu inatutosha wawili. Mkate tutanunua usio na ukungu."

Patasi alisimama, akajisikiliza. Alingoja kifua kiseme chochote. Hakikusema. Bega ndilo lililoanza kuuma, kidogo kidogo, kwa mara ya kwanza tangu risasi.

"Nimesikia, kaka," akasema.

Akapanda Yamaha yake, akaondoka taratibu.