Orodha ya Hoteli za Moroko Niliyomwandikia Levis

Mwanamke aliweka karatasi kwenye kaunta yangu, na mwandiko ulikuwa wangu.

Si mwandiko unaofanana na wangu... wangu kabisa. Juu ya karatasi palikuwa na jina la ofisi yetu, maana niliichana kwenye daftari la kazini.

Wiki tatu kabla ya hapo nilimpa mume wangu karatasi hiyo mkononi.

"Nataka ku-book hizi hoteli," yule mwanamke akasema. "Mimi na mzee wangu."

Mnaosoma, twende polepole, kwa sababu hata mimi siku hiyo nilikuwa polepole.

Naitwa Velma. Ilikuwa Januari 2016, Doha. Nilifanya kazi katika ofisi ya usafiri pale Al Sadd, ghorofa ya pili, juu ya kibanda cha chai ya karak. Dawati langu lilikuwa la Moroko. Mteja akitaka kwenda huko, mimi ndiye niliyemwambia alale wapi na aende lini. Sijawahi kukanyaga Moroko, lakini niliijua kuliko mtaa wetu wa Al Rayyan.

Mume wangu, Levis, alikuwa msimamizi wa usalama kwenye majengo ya Lusail. Agosti 2014 tulichukua likizo pamoja, tukaenda kwetu Kakamega, akatoa mahari. Wazee walikula, mama zangu waliimba mpaka sauti zikakauka. Cheti cha serikali alisema tutakifuatilia baadaye. Likizo ilikuwa fupi, nami sikuona haraka ya nini.

Doha hatukuishi pamoja. Yeye alilala kwenye nyumba za kampuni, mimi na wasichana wenzangu watatu chumba kimoja. Tulionana Ijumaa. Tangu Oktoba akaanza kuniambia wanafanya kazi hata Ijumaa. Nikamwonea huruma. Mimi huyo!

Siku moja Desemba akaniuliza, kama utani tu, mtu akitaka kwenda Moroko na mke wake alale wapi, aende lini.

Moyo wangu uliruka. Nilijua ananipangia kitu.

Basi nikaandika kama ninajiandikia mwenyewe. Aende Fes, ndani ya mji wa kale, alale kwenye zile nyumba za zamani zenye ua katikati zinazoitwa riadi. Asichukue nyumba iliyo ndani sana, teksi haziingii vichochoroni na masanduku ni mazito. Aombe chumba kinachotazama ua. Aende katikati ya Aprili, kabla ya Ramadhani, machungwa yakiwa yametoa maua. Asithubutu Marrakesh mwezi wa nane, joto lake halina huruma.

Nikamkabidhi. Wiki hiyohiyo nikanunua gauni la maua, nikalificha chini ya godoro. Na sasa karatasi ilikuwa imerudi na mtu mwingine.

"Wewe ni Mkenya?" akaniuliza.

"Wa Kakamega."

"Mimi ni wa Kisumu. Millicent."

Alikuwa na uso wa upole, nakwambia ukweli. Angekuwa na madharau ingenisaidia. Alinieleza kwamba alifanya kazi Dubai karibu miaka mitatu kwenye hoteli, na Oktoba ndipo alipopata uhamisho kuja Doha kuwa karibu na mume. Hawajawahi kwenda popote pamoja. Mzee wake alipata hiyo orodha kwa rafiki wa kazini, akaiacha mezani chumbani kwa Millicent, naye alipoona jina la ofisi juu akaamua kuja mwenyewe amfanyie surprise.

Akatoa nakala mbili za pasipoti. Moja ilikuwa yake.

Ya pili ilikuwa ya Levis. Ile picha yake ya shati la bluu. Shati nililipiga pasi mimi.

Mtauliza nilihisi nini. Sikuhisi kitu. Masikio yalikuwa yanasikia, vidole vilikuwa vinaandika. Nilikuwa na ganzi kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino.

Niliwaza jambo moja tu, nalo lilikuja likiwa baridi na limenyooka. Huyu ameniibia mume, na safari yake iko mikononi mwangu.

"Aprili Fes imejaa," nikasema.

Haikuwa imejaa. Riadi ya kwanza kwenye orodha ilikuwa na vyumba vinne wazi mbele ya macho yangu.

"Basi kuna wapi?"

"Marrakesh. Agosti. Wiki ya pili."

Akasoma karatasi tena. "Lakini hapa imeandikwa mtu asiende Agosti."

"Hiyo orodha ni ya zamani."

Aliniamini. Mimi ndiye mwenye kaunta. Nikamchagulia chumba cha juu kabisa chini ya paa, ambacho wageni wawili walishakilalamikia kwamba hakina kiyoyozi. Nilikuwa mtulivu sana. Nilikiangalia kile chumba kwenye kompyuta na nikaona kinawafaa.

Kilibaki kitu kimoja. Ofisi yetu ilikuwa na utaratibu wake. Baadhi ya hoteli za Moroko huwataka mume na mke waonyeshe cheti cha ndoa mapokezi, na tulishawahi kuwa na wateja waliokaa na masanduku nje. Tangu hapo bosi alisema majina ya ukoo yakitofautiana kwenye pasipoti, tunaomba cheti kabla ya kuthibitisha chumba. Hatuangalii sura ya mtu.

"Unacho cheti?"

"Ninacho," akasema, akafungua bahasha ya plastiki. Alikibeba kama watu wanavyobeba vitu walivyovisubiri.

Nikaanza kuingiza. Namba. Majina. Halafu tarehe.

Kumi na nne Desemba 2012.

Nikaisoma tena. Nikahesabu kwa vidole chini ya kaunta kama mtoto wa darasa la kwanza. Mahari yangu ilikuwa Agosti 2014. Huyu hakuja juu yangu... mimi ndiye niliyekuja juu yake. Mwaka na nusu nikijiita mke, na kaunta yangu mwenyewe isingenipa chumba na Levis.

Hapo ndipo kitu kiliponichoma, mara moja, kifuani. Kikapita.

Millicent alikuwa ananiangalia. "Dada, uko sawa?"

"Niko sawa."

"Wewe umeolewa?"

"Nilidhani nimeolewa."

"Na nani?"

Nikachukua nakala ya pasipoti ya Levis, nikaigeuza, nikamsogezea.

Aliitazama. Akaangalia orodha, kisha mwandiko wangu kwenye fomu niliyokuwa ninamjazia. Akaelewa. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akashika bahasha yake kwa mikono miwili.

"Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba sikujua. Akatikisa kichwa, sijui kama aliniamini.

Halafu akaniuliza, bila kuinua macho, "Kama ni wewe, ungeenda wapi?"

"Fes."

"Lini?"

"Aprili. Nilikudanganya, haijajaa."

Akavuta pumzi. "Basi andika Fes, Aprili. Mtu mmoja."

Akanyoosha mkono, akachukua cheti chake kutoka mbele yangu.

"Hiki kwa mtu mmoja hamkihitaji?"

"Hapana," nikasema. "Kwa mtu mmoja hatukihitaji."

Nikamchapishia. Chumba kinachotazama ua. Akashuka ngazi bila kuaga, na sikumlaumu.

Levis alipiga simu jioni mara nyingi kabla sijapokea. Hakusalimia.

"Velma, umemwambia nini?"

"Nimemwambia aende Aprili."

Nikakata. Hatujaongea tena hadi leo.

Dada zangu, sina mengi. Mwanaume akikuuliza mahali pazuri pa kumpeleka mke wake, usikimbilie kununua gauni. Kwanza muulize mke ni nani.