Mgeni wa Mheshimiwa

Mtoto alimsalimia mtu, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Alikuwa ndiyo kwanza ameamka usingizi wa mchana. Mama yake, fundi cherehani aliyeshonea nyumbani, alikuwa kando ya kitanda akitunga uzi kwenye sindano. Alimwona akiinamisha kichwa ghafla, mikono ikirushwa mbele kama ya mtu anayepokea mzigo, magoti yakipanda tumboni. Akatulia. Akarudia. Akatulia tena, akarudia, na katikati akatoa kilio kifupi.

"Njooni mwone!" wifi yake aliita huku akicheka. "Mheshimiwa anasalimia wapiga kura!"

Jina likamganda. Tangu hapo kila alipoamka walisogea kitandani kungoja salamu. Mama mkwe alitoka jikoni na mikono iliyolowa maji, akatazama, akaridhika.

"Huyu ana adabu," alisema. "Wenzake hata shikamoo hawaijui."

Fundi alicheka nao, kisha akaacha. Mtoto alikwisha kujua kucheka; sasa hakumchekea mtu. Kipande cha kitambaa chekundu alichozoea kukifuata kwa macho kilipita mbele yake kama hakipo.

Mchana mmoja, mtoto akiwa katikati ya salamu zake, sauti ilibisha mlangoni.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyefundwa. Wifi alikuwa mbele ya kioo anajichana. Hakugeuka.

"Karibu! Mheshimiwa yupo!"

Mlango ukafunguka kidogo, ukajifunga. Hakuingia mtu. Chumba kikaanza kunuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Nani huyo?" fundi aliuliza.

"Upepo, wifi. Na wewe kwa woga!"

Lakini kiti cha wateja, kile cha kando ya mlango, kilitoa mlio wake, ule kinaoutoa mtu akikikalia.

Harufu haikuondoka. Asubuhi yake wifi alipokwenda kazini, fundi alimpigia simu muuguzi wa kliniki, akamweleza kwa kunong'ona, macho yake yakiwa kwenye kile kiti.

"Ana homa?"

"Hana."

"Kushtuka mlango ukigongwa si neno, watoto wote hushtuka. Huku kujikunja mfululizo kila akiamka, tena anaacha mambo aliyokwisha kuyajua, hakungojwi. Mrekodi kwa simu, umpeleke kwa daktari wa watoto leo. Leo, dada, siyo kesho."

Akamrekodi. Mama mkwe alimkuta akimfunga mtoto mgongoni.

"Daktari wa nini? Mtoto anajinyoosha, anakua."

"Mama, hacheki tena."

"Hata baba yake alikuwa hacheki. Alipoota meno ndipo akawa na la kuonyesha."

Fundi hakubishana. Alifungua mlango akashuka ngazi, kiganja kikiwa ukutani, akapita mlango wa jirani ambako redio ilikuwa ikitangaza bei za soko, akashuka tena, akapita mlango uleule na mtangazaji yuleyule akiwa kwenye neno lilelile, akashuka kwa haraka zaidi huku harufu ya majivu ikimpandia kutoka chini, ngazi baada ya ngazi, mpaka pale palipopaswa kuwa na mtaa na jua na kelele za watu, akakuta ndara zake mwenyewe, na mlango wake mwenyewe, na ndani, mbele ya cherehani yake, mama mkwe akiwa amesimama vilevile alivyomwacha.

"Umesahau nini?" mama mkwe aliuliza.

Fundi aligeuka, akatoka tena. Akaingia tena. Safari hii mama mkwe aliona: mkwewe ametoka kwa mlango na kuingia kwa mlango huohuo, uso mbele, bila kugeuka.

Ndipo kiti kiliposema.

"Unakwenda wapi, mwenyeji? Mmenikaribisha wenyewe. Tangu lini mgeni akaachwa peke yake?"

Fundi alirudi nyuma mpaka akagusa cherehani.

"Nyumba nyingine hawanitazami," sauti iliendelea kwa upole. "Huyu kila akiamka ananiinamia. Mwacheni alale, aamke."

Mtoto akaamka. Fundi alimfungua kwa pupa, na mama mkwe akampokea kabla hajaanguka. Salamu zikaanza, moja, nyingine, nyingine, na kwa mara ya kwanza bibi hakuzitazama kwa mbali bali alizishika mikononi: shingo iliyokaza kama mti, pumzi iliyokatika, macho yaliyopanda juu yasimwone yeye wala kiti wala yeyote, kisha kile kilio.

"Hii siyo salamu," alisema polepole. "Mwanangu, hii siyo salamu. Na mimi nilikuwa nacheka."

Alimrudishia mtoto. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kiti cha wateja, akakaa.

"Kweli, mgeni haachwi," alisema. "Basi mwenyeji nipo. Wewe nenda."

"Mama, na wewe?"

"Mimi nimezoea wageni wasioaga. Si nimeishi na baba mkwe wako? Nenda, mtoto anaumia!"

Safari hii ngazi zilifika mtaani.

Daktari wa watoto alitazama ile video na hakuingoja imalizike. Alisema ni aina ya kifafa cha watoto wachanga, na kila siku kinapoachwa ubongo unaumia. Wakambandika mtoto nyaya kichwani, wakampa kitanda, wakaanza dawa. Jioni fundi alipiga simu nyumbani.

"Atacheka tena?" mama mkwe aliuliza. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Hawajaahidi, mama. Wamesema tungechelewa zaidi ingekuwa vigumu."

"Basi kaa naye hukohuko. Na wifi yako mwambie alale kwa rafiki yake."

"Mama, njoo huku. Toka tu, njoo."

Kwenye simu kiti kikatoa mlio wake, kama mtu anayejiandaa kuinuka. Fundi akamsikia mama mkwe akiiweka simu mbali na mdomo, akisema kwa sauti ya uchangamfu, ile ya kuongea na wageni:

"Kaa, kaa! Unawahi wapi mapema yote hii? Ndiyo kwanza naanza kukuhadithia."