Fomu ya Watu wa Nyumbani

Kila siku akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyewahi kumnyang'anya: kuosha vyombo. Jina lake halisi lilibaki kwenye madaftari ya shule. Nyumbani aliitwa Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Karai la vyombo liliwekwa barazani, mkabala na dirisha la chumba cha bibi, na kutoka hapo aliona kila kitu ndani bila hata kunyoosha shingo.

Alichokiona kilikuwa kilekile kila alasiri. Jua lilipenya kwenye pazia jembamba na chumba kizima kikageuka rangi ya asali. Dada yake, aliyekuwa mwaka wa tatu chuoni, alikaa mkekani kando ya kitanda, mapajani ana kopo la picha za zamani. Bibi alikuwa amesahau mengi. Akimaliza kula, aliapa kwamba hajala tangu juzi. Lakini dada akimwonyesha picha na kumuuliza, "Bibi, siku hii mlikuwa mnakwenda wapi?" macho yake yalikwenda mbali, na maneno yakaanza kutoka polepole: daraja la mbao, mvua iliyowakuta njiani, viatu alivyovua ili visilowe. Dada aliandika yote, na hakuna aliyemtuma. Chiriku naye aliisahau sufuria mkononi, akajiona amesimama juu ya daraja lile, peku, mvua ikimchezea usoni.

"Chiriku! Hizo sahani zinajiosha zenyewe?" Mama aliita kutoka kwenye cherehani, na ndoto ikakatika.

Dada alisomea historia na fasihi, na hapo ndipo fitina ilipoanzia. Siku moja darasani, Miwani, msichana aliyekaa naye dawati moja, aliuliza, "Dada yako akimaliza chuo atakuwa nani?"

"Anasoma historia na fasihi."

"Sasa hiyo ni kazi? Ataajiriwa kukumbuka mambo ya kale?"

Wenzao waliangua kicheko. Chiriku, aliyekuwa na jibu la kila kitu, safari hii akajibu kwa uongo. "Atafanya kazi kwenye lile jengo la vioo. Ghorofa ya juu kabisa!"

Jengo la vioo lilikuwa la kampuni ya bima. Mawingu yalipita juu ya kuta zake, na ukilitazama kwa muda mrefu ungedhani jengo ndilo linalotembea. Tangu siku ile Chiriku alikuwa akilitazama huku akimwona dada yake kule juu, amevaa viatu virefu, akiwapungia mkono watu wa chini. Alianza kuuamini uongo wake mwenyewe.

Chuoni kwa dada kulikuwa na mshauri wa kazi ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mama Fomu. Anayesomea udaktari anajua atakuwa daktari, lakini waliosoma historia, fasihi au falsafa walihitaji mtu wa kuwasaidia kutafuta kazi itakayowafaa. Mama Fomu alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya kumpeleka mwanafunzi kwenye mazoezi ya kazi, alipeleka nyumbani kwake fomu yenye swali moja: "Mtu huyu hufanya nini asipotumwa na mtu?" Ilijazwa na mtu anayeishi naye, ikafungwa kwenye bahasha, na mwanafunzi hakuruhusiwa kuisoma.

"Nijazie wewe, mdogo wangu," dada alimwambia Chiriku. "Mama hana nafasi, na wewe ndiye unayeniona kuliko wote. Andika ukweli tu, hata kama ni wa aibu."

Chiriku alikaa na kalamu muda mrefu. Kupitia dirishani alimwona dada akimpa bibi picha nyingine. Halafu akaandika: "Hupanga namba. Hupenda ofisi tulivu na kompyuta. Hapendi kusikiliza hadithi za watu." Akailamba bahasha, akaifunga upesi.

Baada ya wiki mbili dada alipelekwa kampuni ileile ya bima kwa majaribio ya wiki tatu. Akiridhika, angesaini kubaki mwaka mzima. Shuleni Chiriku alitembea kichwa kimevimba, na Miwani akaacha kumcheka.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Dada alirudi jioni akakaa ukingoni mwa kitanda bila hata kuvua viatu. Kopo la picha lilijaa vumbi. Alasiri moja bibi aliinua kichwa, akauliza, "Yule msichana wa maswali ameenda wapi?"

"Ni mjukuu wako, bibi. Yuko kazini."

"Mwambieni aje. Nimemkumbukia jambo."

Dada aliporudi na kuambiwa, alikimbilia chumbani. Bibi alimtazama tu. Jambo lenyewe lilikuwa limeshampotea, na halikurudi tena.

Zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya kusaini, Chiriku alimkuta dada akipiga pasi. "Unaipenda kazi yako?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui. Watu wa pale ni wema na kazi yao ina maana. Ni mimi tu ninayesinzia macho wazi." Dada aliiweka pasi kando. "Lakini mshauri aliniambia kuwa wewe uliniona mtu wa namba na ofisi tulivu. Labda nilikuwa sijijui. Labda yale ya bibi nilikuwa napoteza muda."

Chiriku alidhani ameidanganya karatasi. Kumbe alikuwa amemdanganya dada yake kuhusu dada mwenyewe, naye amesadiki!

Kesho yake, kengele ya mwisho ilipolia, hakupitia popote. Alikwenda moja kwa moja chuoni, kwenye chumba kidogo ambacho fomu zilirundikwa hadi dirishani.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea?" Mama Fomu aliuliza.

"Hapana. Nimeandika uongo kwenye fomu ya dada yangu."

Mama Fomu alimvutia kiti. Chiriku akaeleza yote: Miwani, kicheko, jengo la vioo. Kisha akaeleza kopo la picha, daraja la mbao, na jinsi bibi anavyoamka akiulizwa maswali na dada.

"Mwanangu," Mama Fomu alisema, "hospitali ina wodi ya wazee. Muuguzi mkuu amenisumbua mwaka mzima. Anajua magonjwa yao, lakini hajui wao ni kina nani. Anataka mtu wa kukaa nao, awaulize, aandike maisha ya kila mmoja kwenye ukurasa mmoja, ili anayemhudumia ajue anamhudumia nani. Niliowapeleka wote walichoka."

"Dada yangu hatachoka!"

"Basi jaza fomu nyingine. Ila safari hii huifungi. Utamsomea yeye kwanza."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Chiriku alimsomea dada fomu mpya barazani, akakiri kwamba ya kwanza ilikuwa uongo. Alipomaliza, dada alimgeukia.

"Wiki tatu uliniona ninavyosononeka?"

"Ndiyo, dada."

"Nami nilikuamini wewe." Aliichukua fomu, akaingia ndani. Siku hiyo hakumsemesha Chiriku, wala iliyofuata. Chiriku alilia sana. Lakini siku ya kusaini, dada aliwashukuru watu wa bima, akaenda hospitali.

Mwezi ulipita. Jumamosi moja mama alimchukua Chiriku kwenda kumwona dada kazini. Wodi ilikuwa ndefu na tulivu, mapazia yakipepea, na juu ya kila kitanda kulikuwa na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mwandiko wa dada. Mzee mmoja, muuguzi aliwaeleza, alikuwa akichana mashuka kila siku, nao wauguzi wakidhani ni ukaidi. Dada alikaa naye siku nne, akiuliza na kungoja. Akagundua kwamba mzee alikuwa msusi wa vikapu kwa miaka arobaini. Sasa walimpa ukindu, naye alisuka taratibu, uso umetulia.

Mama alisimama mlangoni, akamwekea Chiriku mkono begani.

"Kumtakia dada yako makubwa si kosa," alisema. "Kosa lako lilikuwa kumfuta yeye ukaandika mtu mwingine. Mtu akikuuliza juu ya mwenzako, sema yule unayemwona, si yule unayemtaka. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya neno lako moja la uongo. Na kazi usiipime kwa ghorofa. Tazama inamfaa nani."

"Nimeelewa, mama."

Dada aliinua macho akawaona. Alimtazama Chiriku kwa muda, kisha akasogea kidogo kitini, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

"Njoo ukae," alisema. "Mzee ameanza kunieleza kuhusu kikapu chake cha kwanza."