Mwalimu Wangu wa Sheria Alisimama Kumshtaki Mama

Jamani... wakili wa baba mdogo alisimama mahakamani, akafungua mdomo, na maneno yaliyotoka yalikuwa YANGU!

Neno kwa neno!

"Mheshimiwa, mjane huyu aliondoka mwenyewe baada ya mazishi. Nyumba aliiacha kwa hiari."

Mama, aliyekuwa anajitetea bila wakili, aligeuka kunitazama.

Ngoja niwaeleze. Huyo wakili ndiye mwalimu wangu! Anaendesha darasa la bure la kutuandaa kwa shule ya sheria, sisi tusio na mjomba hakimu wala shangazi wakili: watoto wa wajane, wenzetu wasioona, mabinti wa kwanza kusoma kwenye ukoo. Tulimpenda kama mzazi.

"Leteni kesi za nyumbani kwenu," alituambia. "Kisha mtetee upande wa adui."

Nami kwa kimbelembele changu nikapeleka ya mama na nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Nikamtetea baba mdogo hadi darasa likapiga makofi! Mwalimu akatabasamu tu... akazidi kunidodosa.

Kumbe baba mdogo alikuwa mteja wake tangu mwanzo!

Hakimu akatupa mapumziko mafupi. Nikamvuta mama kwenye korido.

"Mama, siku ile uliondoka na nini?"

"Na ninyi."

"Na nguo?"

"Nguo gani, mwanangu? Nilitoka na gauni la mwilini."

Nilitamani ardhi inimeze. Hoja nilizipanga kwa mbwembwe zote, lakini mwenye kesi sikuwahi kumuuliza! Nikamnong'oneza mama amuulize shemeji yake hilohilo.

Tuliporudi, baba mdogo alikuwa kizimbani, zamu ya mama kumhoji.

"Shemeji, kama nilihama kwa hiari, nguo zangu ziko wapi?"

Baba mdogo akamgeukia wakili wake.

"Nakuuliza, shemeji. Nguo zangu."

"We mwanamke hukomi! Si nilizichoma siku ileile niliyokufukuza!"

Mahakama nzima iliguna. Hakimu akainamisha kichwa, akaandika taratibu.

Hukumu ilipotoka, nyumba ikarudi kwa mama. Nililia kama mtoto.

Mlangoni, mwalimu aliniinamia sikioni.

"Umeiva, binti. Jumamosi usikose darasani."

Hana hata haya!

Wapendwa, anayekufundisha bure muulize kwanza anamfanyia nani kazi. Na jeraha la mzazi wako usilipeleke mahali kutafutia makofi.

Nimeandika leo kwa sababu Jumamosi darasa linaendelea, na wenzangu wote wameambiwa walete kesi za kwao.