Kitulizi cha Bosi

Mbwa alipoanza kulia, ukuta wa sebule ulimjibu kwa sauti ya mwanamume aliyekufa miezi saba iliyopita.

"Tulia, Bosi. Nakuja sasa hivi."

Mtambo huo uliitwa kitulizi. Injinia Atupele aliubuni kwa ajili ya wakazi wa Mbeya mpya wanaoshinda kazini huku mbwa wao wamefungiwa ndani. Kinasa sauti kidogo kilichopandwa ukutani hutambua kilio cha mbwa, kisha hutoa sauti ya mtu anayempenda. Kwa mbwa wa watu wengine kilifanya kazi vizuri sana. Kwa Bosi, Atupele aliweka sauti ya mumewe Lusajo, fundi wa lifti ya anga, aliyeanguka kutoka huko juu na kurudishwa ndani ya sanduku lisiloruhusiwa kufunguliwa. Lusajo alikuwa mtu wa "nakuja". Akienda dukani, nakuja. Akienda kazini siku tatu, nakuja. Na kweli alikuwa anakuja.

Bosi alikuwa na miaka tisa, mbwa mzima mwenye adabu zake, hajawahi kutafuna hata kandambili. Sasa alikuwa anatafuna ukuta.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Nyumba za siku hizi huoteshwa kwa uyoga, na ukuta ukimegwa leo, kesho umejiziba wenyewe. "Mwache achezee," alisema Bibi Subilaga, mama yake Lusajo, aliyehamia pale baada ya msiba. Atupele naye akaongeza sauti ya kitulizi, eti mbwa kazeeka, hasikii vizuri. Jamani, injinia mzima! Bosi akazidi kutafuna.

Ikabidi apasuliwe tumbo. Daktari Ngosha, mganga wa mifugo, aliwaonyesha bakuli lililojaa vipande vya ukuta.

"Huu siyo utundu," alisema. "Anamsikia bwana wake humo ndani, anachimba amtoe. Zimeni hicho kitu. Mtembezeni, mpeni mfupa, kaeni naye. Utumbo huu sitaweza kuushona mara ya pili."

Walipofika nyumbani, Atupele alinyoosha mkono azime. Bibi Subilaga akaudaka.

"Mwanangu, mimi uso wake sikuuona. Walinipa sanduku. Nimebakiwa na hii tu."

"Mama, mbwa atakufa."

"Basi ipunguze. Ipunguze kabisa, mimi nitasogeza sikio."

Tusimlaumu bibi peke yake. Atupele naye aliitaka ile sauti, ila yeye ndiye aliyepewa kazi ya kujikaza. Akaipunguza hadi hakusikia kitu akiwa kwenye kochi, akajiambia yamekwisha. Mbwa husikia yale tusiyoyasikia sisi; mtoto wa shule anajua. Atupele alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Siku hiyo hakutaka kulijua.

Jumanne saa nane mchana bibi alimpigia simu kazini. Bosi alikuwa amelala ubavu, unga wa ukuta umemjaa mdomoni, tumbo limevimba na kukaza. Alikata roho kwenye meza ya Daktari Ngosha, Atupele akiwa amemshika sikio.

Atupele aliporudi, alimkuta mama mkwe wake amepiga magoti, shavu limegandamana na ukuta.

"Washa, Atupele. Imezimika tangu ulipompeleka."

"Haijazimika, mama. Inasubiri mbwa alie."

Bibi akafumba macho, na kooni mwake ikatoka sauti nyembamba, ya kuombaomba, sauti ya mbwa kabisa. Akanyamaza, akasikiliza. Akalia tena kwa nguvu zaidi, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kanga.

Ukuta ulikaa kimya. Kitulizi hakikudanganyika.

Atupele alijua namna ya kukibadilisha. Dakika mbili tu, na kingeanza kuitikia kilio cha mtu. Alijua pia kwamba, katika nyumba ile, hakingenyamaza tena.

Akaenda kuchukua bisibisi akaking'oe ukutani.